Tarakimu ya Mwisho Kiganjani

Enzi za ruksa, kila mwenye chumba Tukuyu alifungua biashara. Bosi wangu akafungua uwakala wa mizigo ya ndege. Ndege zenyewe zilitua Dar es Salaam. Sisi tulikuwa na simu, kalamu na kiburi changu.

Kiburi kilitokana na hesabu moja. Katika namba ya mzigo unaacha tarakimu tatu za mwanzo, unachukua saba zinazofuata, unazigawa kwa saba. Kinachobaki lazima kilingane na tarakimu ya mwisho. Kisipolingana, mtu kakosea, usihangaike kupiga simu Dar es Salaam kuuliza mzigo.

Karibu na Pasaka akaja mzee wa Masukulu, mpiga besi wa bendi ya kanisa. Tarumbeta lake lilikuwa limetoboka, na mwanawe aliyekuwa akisoma Ulaya alikuwa amemtumia jingine. Alfajiri ya Pasaka bendi hupiga makaburini, na mwaka ule mkewe alikuwa amelala huko.

"Sasa nimwamshe kwa mluzi?" aliniuliza.

Namba ya mzigo alikuwa nayo mkamwana wake. Mumewe alimpigia simu kazini, Mpuguso, naye mke akaiandika kiganjani. Naye alisimama nje, mvua ikimnyeshea, kwa sababu kwetu mke wa mwana haonani na baba mkwe, hata kwa bahati mbaya.

Nikamfuata. Mzee akakohoa ndani. Mama wa watu akajifunika kitenge gubigubi, kiganja humo humo, akanisomea gizani. Nikagawa. Baki mbili, mwisho tano. Akarudia. Baki sita.

"Dada, unanisomea au unanitungia?" nikafoka.

Wino ulikuwa umelowa; yeye tu angeutambua mwandiko wake, tena kwenye mwanga, na taa ilikuwa ndani alimo mzee. Na mlango ulikuwa mmoja. Mzee akitoka, wanagongana.

Nilipomweleza, mzee alinuna. Kisha akavua koti, akajifunika kichwa, akageukia ukuta, pua kwenye kalenda.

"Mwambie aingie."

Akaingia kinyumenyume, akakunjua kiganja chini ya taa, akasoma. Baki tano, mwisho tano.

"Imekubali!" nikapiga kelele.

"Ndaga fijo, mwanangu," ikasema sauti ndani ya koti.

Nikafungua mdomo nipokee shukrani zangu. Ndipo nikamwona mkamwana anatokwa machozi, kiganja bado wazi. Tangu aolewe, mzee yule hakuwahi kumwambia neno. Nikaufunga mdomo.

Alfajiri ya Pasaka besi mpya ilinguruma makaburini. Mkamwana aliisikiliza nyuma ya migomba, amejifunika gubigubi, mguu mmoja ukicheza.