Mkono Juu Kiwandani Elburgon

Niliacha shule mapema, nikawa mtu wa kuzunguka. Leo nachimba udongo mweupe Kariandusi, kesho nauza viazi barabarani Gilgil. Miaka ile baada ya uhuru nikaangukia Elburgon, kwenye kiwanda cha mbao cha Kalasinga mmoja, mzee wa kilemba.

Mle ndani hakuna aliyeongea kwa mdomo. Msumeno mkubwa ulipiga kelele hadi meno yakauma. Mkono juu ni kusimamisha kazi. Kiganja tumboni ni chai. Vidole viwili begani, mwenye kiwanda anakuja. Aliyenifundisha haya ni mwendesha msumeno, mtu wa utani. Alimuiga nyapara wetu kwa nyusi tu, tukacheka hadi mbao zikatuponyoka.

Jumamosi moja mimi na huyo mwendesha msumeno tukaenda hotelini. Mathe, mama mwenye hoteli, hakumtazama mwenzangu. Aliniuliza mimi, "Huyu bubu wako atakula nini?"

Nilidhani anamtania. Nikamgeukia rafiki yangu, nikamsemesha. Akatazama midomo yangu, akagusa sikio, akatikisa kichwa. Muda wote ule tulifanya kazi bega kwa bega, na sikujua kwamba hasikii.

Kisha kikaletwa king'ora, kikafungwa ukutani nje. Karani mpya alisema kuinua mikono ni mambo ya kizamani. King'ora kikilia, msumeno uzimwe. Asubuhi hiyohiyo kikalia msumeno ukizunguka bila gogo. Sote tukarudi nyuma. Rafiki yangu akazidi kusogeza gogo, mpaka nyapara akamvuta shati. Karani akasema kiziwi ni hatari kwa wenzake, mwisho wa mwezi aondoke. Nyumba aliyolala na wanawe ilikuwa ya kiwanda, kwa hiyo nayo ingekwenda.

Nyapara, mtu wa kutoka magharibi mwa nchi asiyependa maneno mengi, alimwendea mwenye kiwanda. "Mzee, yeye hajabadilika. Sisi ndio tumeacha kuinua mkono."

Mzee wa kilemba aliagiza gogo la mwerezi liwekwe, msumeno ulikate, naye atabonyeza king'ora mwenyewe. Tukasimama tukingoja kilie. Msumeno ukauma, vumbi likaruka, tukazidi kungoja. Nilimwona mzee amekaza kidole kwenye kitufe, nikadhani king'ora kimeharibika. Ndipo nikachungulia dirishani. Karani alikuwa uani, ameziba masikio kwa vidole, uso umemkunjamana.

King'ora kilikuwa kinalia muda wote. Msumeno ukiwa umeuma gogo, hakuna hata mmoja wetu aliyekisikia.

Niliwaza gogo lingekwama na mtu yuko upande wa pili, sote tukitegemea sauti ile.

Taa nyekundu ikatundikwa juu ya msumeno, na mkono juu ukarudi. Rafiki yangu akarudi mahali pake, nyumba ikabaki yake. Siku hizi husemwa kwenye mabaraza kwamba kizuizi hakiko mwilini mwa mtu, kiko katika mpango wa kazi. Mimi nililiona jambo hilo kabla sijasikia jina lake.

Jumamosi iliyofuata mathe akaniuliza tena bubu atakula nini. Nikamwelekezea mwenzangu kidole. Mathe akabaki amesimama na sahani, hajui aanzie wapi. Rafiki yangu akaweka kiganja tumboni, kisha akainua nyusi za nyapara anayecheleweshewa chai.

Mathe akacheka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.