Salamu za Tata Kalombo Kwenye Kona ya Pili

Kabla shimo la shaba halijameza mtaa wetu karibu na Mutoshi, pale ilipo leo kona ya pili ya barabara ya malori ya mgodi palikuwa na nyumba ya mama yake mzee Kalombo, tata kwetu sote. Asubuhi mama huyo alikaanga mikate ya mafuta, nasi watoto tulijipanga na sahani, tukisukumana. Harufu ile naikumbuka mpaka leo, na inaniuma.

Tata Kalombo ameendesha malori ya mgodi miaka ishirini na sita bila kugonga hata jiwe. Mwaka huu mbele ya kila dereva iliwekwa kamera inayofuata macho yake. Yakifumbwa sekunde mbili kengele inalia, nami msimamizi wa kamera naletewa picha ofisini. Kengele tatu kwa mwezi, dereva anashushwa kwenye lori. Tata Kalombo alikuwa amebakiza miezi minane astaafu.

Siku mbili za kwanza alipata kengele mbili, zote kona ya pili, safari ya kwanza ya siku. Bosi wetu, Ariel, akasema mzee anasinzia. Upuuzi! Usingizi gani unamngojea mtu kwenye kona moja? Nikamwita tata, nikamwonyesha picha.

"Sikulala, mutoto yangu," alisema. "Pale ni kwa mama. Mi namusalimia."

"Kwa kufumba macho, tata?"

"Nainamisha. Mama habamusalimiake na kumukazia macho. Habakukufundishaka?"

Nilifundishwa: mzazi husalimiwa kwa macho yaliyoinama. Waliotengeneza kamera ndio hawakufundishwa. Kwao kope zikishuka ni usingizi, basi. Nilimsihi aangalie mbele tu, miezi minane si mingi. Akakubali shingo upande.

Siku sita kengele haikulia. Ariel akampongeza mbele ya madereva wote, nami nikajiona mjanja kweli.

Jumamosi tata Kalombo aliingia ofisini, kofia mkononi.

"Siku babomoa ile nyumba, sikulia," alisema. "Mama alikufa, nikalia, ikaisha. Lakini hii wiki namupita na macho makavu, sawa mutoto hana adabu. Siwezi tena."

Akaweka funguo za lori mezani, akatoka.

Mimi napita kona ile kila siku kwa basi la kazi, na sijamsalimia yule mama hata siku moja.