Kanuni ya Bibi Kando ya Moto

Juma hili, nilipokuwa nikijaza majani makavu katika bomba la moshi ili kufungua mzinga wa nyuki, hapa msituni Kagerankanda, moshi ulinirudia usoni, na harufu yake ikanipeleka Kumsenga, kwenye ua wa bibi yangu. Utaniwia radhi, rafiki, nikianza na moshi. Tangu nilipoacha kufundisha chuoni Kasulu, nikawa mfugaji nyuki katika umri ambao wenzangu wanajiandaa kustaafu, ni machache ninayoweza kuyasema kwa hakika. Mkuu wa chuo amenieleza kwamba nafasi yangu bado ipo, na kwamba Ijumaa atanipigia simu ili nimwambie kama narudi au sirudi. Sijui nitamwambia nini.

Bibi alikuwa mfinyanzi. Udongo aliutoa bondeni, kando ya kijito, akautwanga na kuuchanganya na vigae vilivyosagwa. Vyungu alivichoma uani chini ya kuni na nyasi, na siku hiyo alikuwa na kanuni moja: hakuna kusema karibu na moto. "Udongo ukisikia habari za watu hupasuka," alituambia. Nasi Waha, kama ujuavyo, salamu zetu ni ndefu. Mtu hupiga makofi taratibu huku akiulizia nyumba, watoto na mvua. Lakini aliyepita uani kwetu siku ya kuchoma alikutanisha viganja bila sauti, akaenda zake.

Kisha zikaja ndoo za plastiki na sufuria, na vyungu vikawa havinunuliwi. Bibi, akiwa mtu wa makamo, aliacha udongo akashika pombe ya ndizi. Alikamua ndizi mbivu kwa nyasi ndani ya kihori, akatia mtama uliokaangwa. Hadi leo naukumbuka utamu wa maji yale kabla hayajachacha. Tuliyanywa kwa vibuyu, tukigombania na nyuki.

Ila kanuni aliihamishia huko. Wateja waliingia, wakapiga makofi, "Mwakeye, mama," naye akaweka kidole mdomoni. Walikunywa kimya, wakitazamana, na kila siku walipungua. Mwishowe jirani mmoja, mwanamume mcheshi, aliweka kibuyu chini.

"Mama, sisi tumekuja kunywa. Kama ni msiba, ungesema tuje na kuni."

Ua mzima ulicheka. Bibi alicheka wa mwisho.

"Haya, semeni," alisema. "Ila ikiharibika, msinililie mimi."

Haikuharibika. Tangu hapo ua ulijaa kelele, wateja wakarudi, nasi tukavaa sare za shule zisizo na viraka. Hata hivyo nilimwona jioni moja, wateja wakiwa wameondoka, ameketi kando ya kihori na makapi ya ndizi mapajani. Kidole gumba kilikuwa kikizunguka, na makapi yakaanza kuinuka na kupata mdomo.

"Bibi, unafinyanga?"

"Ninasafisha kihori," alinijibu, akaubonyeza ule mdomo ukalala.

Sikumuuliza zaidi, na sasa hayupo wa kuulizwa. Je, alikuwa mfinyanzi aliyeuza pombe, au muuza pombe aliyewahi kufinyanga? Swali hili ningeweza kulifundisha muhula mzima nisilijibu. Mama mwenye mizinga jirani na yangu amekwisha kuniona nikimweleza, kwa hoja ya kwanza na ya pili, mambo anayoyafanya tangu utotoni. "Mwalimu," aliniambia, "nyuki hawa hawana mtihani." Alicheka, nami nikacheka wa mwisho, kama Bibi.

Kumsenga nilipita mwezi uliopita. Bondeni wamepanda mihogo. Udongo bado upo chini ya mizizi, ila hakuna anayeuchimba, na hakuna ua ambapo mtu hukutanisha viganja bila sauti kwa heshima ya kitu kinachoungua.

Hayo niliyaandika juzi; leo ni Ijumaa. Nilikuwa nimeinamia mzinga, moshi umetanda, simu ikaanza kuita mfukoni. Yule mama alinigeukia.

"Mwalimu, simu."

Niliweka kidole mdomoni. Iliita hadi ikakatika. Sikuweza kujua, wala sijui sasa ninapoandika haya, kama kwa kunyamaza vile nilikuwa nimemjibu mkuu wa chuo, au nilikuwa tu mjukuu wa mfinyanzi, nimesimama kando ya moshi, nikihofia kitu kisipasuke.