Yamini ya Mshika Simu

Ukialikwa harusi ya wanawake hapa mjini, kabla hujafikia udi na marashi utakutana na Bi Tahiya. Amekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, kapu liko miguuni, na hata uwe mke wa nani, simu utaitoa. Ndani ya ukumbi wanawake wanavua mabuibui, wanaachia nywele na kucheza watakavyo, na hakuna anayetaka mkwewe amwone asubuhi kwenye simu ya mtu. Kila simu Bi Tahiya huitia kwenye kifuko alichokishona kwa kipande cha kanga, na mwenyewe hupewa utepe wa kanga ile ile. Ukitoka unaonyesha utepe wako, anaulinganisha, unapewa simu yako. Hajawahi kukosea.

Mimi ni jirani yake Michenzani, mlango kwa mlango. Tumelea pamoja, tumezika pamoja, na ugomvi wetu wa maji ya kufulia hauna hesabu. Kwa hiyo nikisema Bi Tahiya ni mkaidi, nasema kwa haki ya ujirani. Kazi hii aliianza baada ya mpwa wake kuachwa kwa sababu ya picha moja tu ya harusini, aliyopigwa akicheza kichwa wazi. Tangu hapo simu kwake ni nyoka. Na nyoka huyo, kwa kejeli ya dunia, akaletwa mpaka chumbani kwake na mwanawe mwenyewe wa kike aliyeko Muscat, aliyemtumia bintiye simu ili wawe wanaonana.

Binti huyo ni Ilham, mjukuu anayekaa na Bi Tahiya, mtoto wa darasa la saba. Alikuwa na makelele ya kutosha ghorofa nzima. Simu ilipokuja akaanza kujirekodi akicheza na kujiposti, akawa akinionyesha watu waliompenda, majina ya watu nisiowajua wala yeye hawajui. Halafu makelele yakakatika. Chakula akawa anakidonoa, na simu ikilia anaruka.

"Shoga, mtoto huyu ana jambo," nilimwambia Bi Tahiya.

"Ana ukubwa unaomwingia. Kwani sisi hatukupita huko?"

Kisha Ilham akaanza kuomba kufuatana naye harusini. Bi Tahiya alifurahi, akajiona kapata mrithi wa kiti. Mimi sikuifurahia hamu ile. Mtoto anayekwenda harusini kwa hiari yake harudi na uso wa matangani, na Ilham kila aliporudi uso ulikuwa huo.

Sasa sikilizeni kosa la Bi Tahiya, maana hata mimi nililiona na nikalipitisha. Watu wazima aliwapekua mikoba, hata mama wa biharusi hakusalimika. Lakini watoto aliwasukuma tu ndani. "Piteni, piteni, msinizibie mlango!" Kwake yeye simu ni fitina za watu wazima, na mtoto wa kike wa ndani ya nyumba hapekuliwi kama mwizi. Nani kati yetu angemwambia vingine?

Ikaja harusi ya Wanu, binti wa Bi Mwanakheri wa Kiponda. Ilham alipita mlangoni. Alipita pia Yusra, mdogo wake Wanu, anayesoma darasa moja na Ilham, kashika chetezo cha udi kinafuka. Nilikula pilau, nikacheza mpaka magoti yakanilaumu, na kila utepe ukapata simu yake.

Hazikupita siku nyingi Bi Mwanakheri akapanda ngazi zetu, uso hauna damu. Kiti alikikataa.

"Bi Tahiya, simu zetu ulishika weye."

"Nilishika mie, na nilizirejesha."

"Basi hizi zimetoka wapi?"

Akatuonyesha video mbili. Moja ni ya ukumbini, wanawake wanacheza, na mimi mwenyewe nilijiona pale na kiuno changu, nikataka ardhi inimeze. Ya pili ni ya chumbani, Wanu anapambwa, nywele zimemwagika mabegani. Zilikuwa zimemfikia mumewe kutoka kwa mtu anayefanya naye kazi. Wanu alikuwa amerudishwa kwa mama yake, eti akapumzike.

Bi Tahiya hakubishana. Aliinuka, akatia udhu, akautwaa msahafu mbele yetu.

"Wallahi, billahi, tallahi, hapana simu iliyopita mlango wangu siku ile. Kama imepita, Mungu asinifikishe Ijumaa."

Bi Mwanakheri akashusha pumzi. Yamini si mchezo, na ya mtu kama Bi Tahiya hairudishwi usoni. Akaomba radhi, akashuka. Nyuma ya pazia la chumba nikauona mguu wa Ilham, hausogei.

Kuanzia pale mtoto hakumwacha bibi yake. Akilala mchana, Ilham anamwekea kiganja kifuani asikilize kama anapumua. Akitaka kwenda Darajani, anamzuia, kuna magari. Alimkataza hata kushuka ngazi peke yake. Bi Tahiya alicheka, mimi nikaogopa. Alkhamisi baada ya adhuhuri tulikuwa tunachagua mchele, na Ilham akaanguka miguuni pake.

"Bibi, ifute yamini. Kesho Ijumaa. Utakufa, bibi, utakufa kwa ajili yangu!"

Akatoa simu. Macho ya Bi Tahiya hayana nguvu, kwa hiyo nilisoma mimi, na natamani ningekuwa sijui kusoma. Aliyeandika alijiita Malkia wa Pwani. Mwanzoni sukari tupu: "Unajua kucheza mdogo wangu, nitakutafutia wafuasi." Baadaye: "Nitumie moja bila mtandio, si sote wasichana?" Mtoto akatuma. Na baada ya hapo Malkia akabadilika sauti. "Hii nimpelekee nani, mama yako Muscat au mwalimu wako?" Ilham akaomba, akalia kwa maandishi, nimeyaona. "Bibi yako si ndiye mshika simu? Niletee za ukumbini, zako nitazifuta." Alipeleka, na hazikufutwa. Alipeleka tena. Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa asubuhi ile: "Jumamosi kuna harusi Chukwani. Usinambie hukualikwa."

Niliusukuma ungo pembeni. Mtu huyu hakuwa mbali. Alizijua harusi zetu, alimjua Bi Tahiya na kazi yake, labda hutusalimia shikamoo njiani na sisi tukamwitikia marahaba.

Nilidhani Bi Tahiya atampiga. Alimvuta akamkumbatia, na machozi ya mwanamke yule, niliyemwona akizika mume bila kulia, yakalowesha nywele za mjukuu wake.

"Nilikuwa nakaa mlangoni kulinda watu wazima," alisema. "Mtoto wangu nikamwachia nani?"

Baadaye akamuuliza taratibu, "Na Wanu chumbani, ulimchukua vipi?"

"Ya chumbani si mie. Wallahi bibi, sikuingia. Mlango ulifungwa."

Tukatazamana. Chumbani mle aliingia mama mtu, na simu yake ilikuwa kapuni. Aliingia mpambaji, na simu yake niliiona kwa macho yangu ikitiwa kifukoni. Wa tatu alikuwa Yusra na chetezo chake, na watoto hawakupekuliwa.

Bi Tahiya akavaa buibui lake kwa haraka, hata viatu akavikosea miguu. Polisi kwenye dawati la watoto tutakwenda, alisema, lakini kwanza Kiponda. Ilham alifuatana nasi, kaushika ukingo wa buibui la bibi yake njia nzima.

Bi Mwanakheri alikuwa chini na Wanu. Bi Tahiya hakungoja kukaribishwa.

"Yamini niliyokula ilikuwa ya uongo, na sikujua. Simu ilipita. Ni ya mjukuu wangu."

Bi Mwanakheri alisimama, na maneno yaliyokuwa yanamjia mdomoni niliyaona kabla hayajatoka.

"Nitukane, unayo haki," Bi Tahiya alimkata. "Lakini kwanza mwite Yusra. Aje na simu yake."

"Yusra anahusiana na nini?"

"Mwite, mwanangu. Nakuomba."

Kitu fulani katika sauti ile kilimtoa hasira. Akaelekea kwenye ngazi.

"Yusra!"

"Naam, mama," ikajibu sauti kutoka juu.

"Shuka uje na simu yako."

Tukasikia komeo linasukumwa, la ndani.

Tulipanda sote, Wanu mbele. Bi Mwanakheri aligonga kwa nguvu, akaamrisha, halafu akagonga polepole na kubembeleza. Ndipo Ilham alipopita katikati yetu, akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Yusra, ni mie. Nshawambia wote. Nshamwambia bibi na hajanipiga. Yusra, usimjibu huyo mtu. Nijibu mie."

Tulingoja. Yusra hakujibu wala hakufungua, na ndani ya chumba simu ilikuwa ikitetema juu ya mbao, inanyamaza, inaanza tena.