Nathanael Atoka Kitandani

Dastan alipopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, mkewe Maximiliana alikubali kwenda Lamadi kuchuuza dagaa, ila mtoto wao Nathanael kwanza aweze kutoka mwenyewe kwenye kitanda chake cha fito. Alidhani amejipatia mwaka mzima wa kukaa na mwanawe.

Asubuhi moja, akiwasha moto, alisikia kishindo. Nathanael alikuwa amesimama sakafuni, anacheka. Maximiliana akapiga kigelegele, kisha akajiziba mdomo. Alimrudisha haraka na kufunga fito nyingine juu kwa kamba ya katani.

Dastan alikuwa mlangoni, anatazama. "Unamfungia kama ndama? Huyo ameshatoka zizini."

Kwetu Bariadi, mtoto aliyeacha kitanda cha fito alihamia kwa bibi yake, akalala ubavuni pake na kusimuliwa hadithi mpaka usingizi umchukue. Kwa hiyo Maximiliana alimbeba mpaka kwa mkwewe, Evalina, akamkuta anafungua robota la mitumba.

"Mayu, mama yangu, mjukuu wako amekua. Mpokee."

"Nimpokee nimlaze wapi, mwanangu? Leo niko mnada wa Maswa, keshokutwa Nassa. Nimweke juu ya masweta?"

Bibi zetu wamegeuka wachuuzi, na serikali inasema huo ndio uhuru wa biashara.

Maximiliana alimrudisha mtoto nyumbani na, kwa kuwa alikuwa ameahidi, akapanda lori la Lamadi bila kuaga, asije akashindwa kuondoka. Dastan, asiyejua hadithi hata moja, alimlaza mtoto kwenye mkeka na kumgeuzia mgongo. Nathanael alimwita mama yake, akamwita na bibi yake, mpaka akanyamaza mwenyewe.