Matairi ya Ghorofa ya Tatu

Mume wangu alikuwa ametoka kupasuliwa ngiri, na daktari kamkataza kubeba kitu chochote kizito. Yeye ndiye aliyekuwa akinipandishia baiskeli hadi kwetu ghorofa ya tatu, pale Upanga, maana ukiiacha chini asubuhi huikuti. Basi akatoa hukumu: nikishindwa kuipandisha mwenyewe, inauzwa. Mteja alikuwa ameshampata.

Ilikuwa baiskeli ya gia, zile za kupandia milima, iliyoingia na kontena la mitumba enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, nami ni kiguu na njia tangu utotoni. Kukaa ndani sijui. Nilijaribu kuibeba, ikanishinda kwenye ngazi za mwanzo. Matairi yake yalikuwa na meno kama ya trekta, nikasema ubaya wote uko hapo. Hapo hapo nikaiendesha hadi Kariakoo kutafuta mepesi.

Jamani, Kariakoo ilikuwa imefurika vitu, lakini thubutu kuomba chepesi. Duka la kwanza wakaniuliza mwanangu ana umri gani. La pili wakaniletea zito zaidi, tena wakalisifu. Duka la tatu, mzee mmoja wa Kiarabu, baada ya kuitikia shikamoo yangu, alilibonyeza tairi kwa dole gumba, akaniambia mpira ni unene, hayo mengine ya kuchezea watoto. Nikamwomba anishushie hayo hayo ya kuchezea. Akadai uzito ni ule ule. Nikamwachia baiskeli dhamana, nikatia begani jembamba moja na nene moja, nikavuka barabara kwa muuza vitunguu kuazima mizani. Watu walicheka wee! Lile nene likashuka chini, jembamba likabaki juu linaning'inia. Nikachukua membamba mawili.

Fundi baiskeli wa jirani na duka lile akaniambia nisubiri ayavalishe. Nisubiri nini? Nikaenda kwenye mitumba ya Mchikichini kupekua viatu, nikarudi nikakuta kazi imekwisha. Akasema amenitengenezea vizuri, misumari ya mji huu hainipati tena.

Nyumbani nikainyanyua. Uzito ule ule. Nilipofika ghorofa ya kwanza nguvu zikaniishia, nikakaa kwenye ngazi nikalia kwa hasira. Halafu nikalibinya tairi, nikasikia unene ambao sikuununua. Nikamgongea mama wa Kihindi wa ghorofa ile, akanipa vijiko viwili bila kuuliza. Nikatoa upepo, nikabandua ukingo wa tairi kwa vijiko vile. Ndani fundi alikuwa ametandika tairi kuukuu, kama anavyowawekea wabeba mkaa na mikate wote. Alinitakia mema, maskini. Nikayang'oa hayo makuukuu kwenye magurudumu yote mawili, nikaitia baiskeli begani, nikapanda nayo.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, mkono tumboni. Akaitazama baiskeli, hakunitazama mimi.

"Nilikuwa naomba ikushinde," akasema. "Ukitoka nayo, mimi humu ndani sina raha mpaka urudi."

Huruma na hasira vikanipanda pamoja. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia hivyo tangu mwanzo, badala ya kunitafutia mteja.

"Ningekwambia, ungebaki?"

Nilitamani sana kumjibu ndiyo. Nikamuuliza pampu iko wapi.