Vizibao Tulivyoshona kwa Sponji ya Godoro

Siku yangu ya kwanza kazini na farasi nilivaa viatu vya ukarani. Nilikuwa nimekaa miaka mingi kwenye mizani ya shamba la chai, nikipima majani mabichi ya wachumaji na kuandika uzito kwenye kadi zao. Mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa, shamba letu la upande wa Suma likapata mwenyewe mpya, na watu wakaanza kupunguzwa kwa makundi. Jina langu lilisomwa kwenye orodha ya tatu. Nilikuwa nimekwisha kufikiri nitamwambiaje mke wangu, lakini badala ya barua ya kuagwa niliambiwa niende kwenye banda la zamani la mbolea, nikaripoti kwa Mkuu wa Zizi. Sikujua ni zizi gani. Shamba halikuwa na ng'ombe hata mmoja.

Ndani ya banda kulikuwa na farasi saba, na mimi farasi nilikuwa nimemwona kwenye picha tu. Meneja Mkuu mpya aliwaleta kwa malori kutoka upande wa Iringa, alikolima zamani. Aliona pikipiki za wanyapara zinakwama kwenye utelezi wetu, maana Tukuyu mvua haina likizo, na vipuri vilichukua wiki nyingi kufika. Yeye alikulia juu ya farasi. Akaamua wanyapara wake watazunguka mashamba kwa farasi, na asiyetaka apishe wengine. Miaka ile neno hilo lilitosha. Hakuna aliyekataa.

Mkuu wa Zizi alikuwa askari mstaafu wa kikosi cha farasi, mtu wa pwani, aliyetetemeka kwa baridi yetu tangu Mei hadi Agosti. Sote tulimwita Sajini. Aliniangalia viatu, akanipa buti zake za akiba, akaanza kunifundisha. Lijamu ni chuma kinachokaa mdomoni mwa farasi. Hatamu ni kamba za ngozi zinazotoka kwenye lijamu hadi mikononi mwa mpandaji. Kikuku ni pete ya chuma ya kukanyagia. Lakini kilichomhangaisha zaidi kilikuwa ukanda wa tumboni, ule unaoshikilia tandiko. Farasi mjanja hujaza tumbo hewa unapomfunga, kisha huitoa, na tandiko likalegea. Kwa hiyo unafunga, unamtembeza hatua ishirini, halafu unakaza tena. Ambaye hakukaza mara ya pili hakuruhusiwa kutoka mlangoni.

Kazi yetu ilikuwa kuwatayarisha farasi alfajiri, kuwatoa wakiwa na wanyapara, na kuwapokea saa nane mchana. Kati ya saa hizo mbili nilijifunza hofu ambayo kwenye mizani sikuwahi kuijua. Nikiwa nasugua matandiko, masikio yangu yalikuwa barabarani. Kwato zikija polepole, moyo ulitulia. Zikija mchakamchaka, nilitoka nje kuangalia. Wanyapara walikuwa sita, bila kumhesabu Meneja Mkuu mwenye farasi wake, nami nilihesabu hadi sita kila siku kabla ya kula.

Meneja Mkuu peke yake alivaa kizibao cha kinga. Kilikuwa kimejazwa vipande vigumu mithili ya mpira, kikashika kifua, mbavu na mgongo hadi kiunoni. Ukikigonga kwa ngumi, ngumi ndiyo iliyoumia. Wanyapara walikicheka pembeni, wakakiita gamba la kobe. Wao walikuwa na kofia ngumu tu, tena zile za zamani za pikipiki. Nilimuuliza Sajini kama na wao hawakustahili vizibao kama kile.

"Sisi tulipanda kwa shati na mkanda," aliniambia. "Ukimfunika mtu mbavu, anasahau kwamba anazo. Mfundishe kukaa, mfundishe kuanguka, basi."

Sikuweza kubishana naye. Alikuwa amepanda farasi kabla sijaoa. Lakini nilikuwa nimewaona wanyapara wakianguka. Kwenye nyasi walijikunja na kuinuka wakicheka. Shamba la chai si nyasi. Kuna visiki vya michai iliyokatwa, kuna mifereji yenye kingo za mawe, na kuna mteremko wa kwenda bondeni ambako hata mbuzi anachagua pa kukanyaga.

Mwaka wa tatu kifua cha Sajini kilishindwa na ukungu, akarudi kwao. Mimi nikawa Mkuu wa Zizi, ingawa watu waliendelea kuniita Karani. Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kumwomba Meneja Mkuu vizibao sita. Alinisikiliza vizuri, akasema havimo kwenye mpango wa mwaka huo, na kwamba kama nina wasiwasi niwaambie wanyapara wasipige shoti, yaani wasikimbize farasi kwa kasi yote. Niliwaambia. Waliitikia. Nikaendelea kusikia kwato za shoti ng'ambo ya kilima.

Ndipo nikapata wazo langu, na nalisema hapa bila kujitetea. Nilichukua godoro kuukuu la sponji na kipande cha turubai, nikaenda mjini Tukuyu kwa fundi cherehani niliyemfahamu kanisani. Nilimchorea kile kizibao cha Meneja. Akakata, akashona, akatia kamba za kufungia ubavuni. Vikatoka vizibao sita, vizuri kabisa kwa kutazama. Niliporudi navyo nilijisikia mwepesi, mara ya kwanza kwa miaka mitatu. Wanyapara walivipenda kwa sababu vilikuwa na joto.

Shida ilionekana mapema, ila sikutaka kuiona. Sponji inakunywa maji. Mvua ikinyesha, vilirudi vizito kama mtoto aliyelala, na kwa ruhusa ya Mkuu wa Kiwanda nilivianika karibu na tanuri la kukaushia chai. Vilipokauka vilikuwa vimesinyaa. Tena nilianza kusikia shoti nyingi kuliko zamani. Nyapara mmoja, Gwakisa, aliniambia kwa furaha kwamba sasa anaruka mifereji bila kufikiri. Nilikumbuka maneno ya Sajini usiku mzima, lakini asubuhi nikawavika vilevile.

Miongoni mwa wanyapara sita alikuwemo mwanamke mmoja, Atupele, binti wa Kisondela. Alianza kama mchumaji, akapandishwa kwa akili yake, na kwenye farasi alikuwa na mkono laini kuliko wanaume wote. Asubuhi moja farasi wake aliamka na mguu uliovimba. Nikampa Radi, farasi mweusi mwenye kushtuka ovyo, ambaye kwa kawaida alipandwa na Gwakisa, na siku hiyo Gwakisa alikuwa na ruhusa ya msiba. Nilikuwa nakaza ukanda mara ya pili Atupele aliposimama karibu yangu, akiwa ameshika zile kamba za kizibao.

"Karani, hiki kitanikinga nikianguka?"

"Kitakukinga," nilisema, hata kabla hajamaliza.

Sikuwa nimemwona mtu yeyote akianguka amevaa kile kizibao. Sikuwa na haki ya kujibu. Alinitazama kidogo, akakanyaga kikuku, akapanda.

Kwenye saa nne hivi nilisikia shoti inakuja kutoka bondeni. Nilitoka nje. Radi aliingia uani peke yake, hatamu zimekatika, tandiko liko sawasawa mgongoni na halina mtu. Nakumbuka niliutazama ukanda kwanza. Ukanda ulikuwa umekaza. Ndipo nikakimbia.

Wachumaji walinieleza wakati tunamfuata. Upepo ulikuwa umeinua nailoni ambayo mchumaji mmoja alijifunga kiunoni kujikinga na umande, ikapiga kelele mbele ya Radi, naye akageuka ghafla. Atupele alianguka chali, mgongo na ubavu vikatua kwenye ukingo wa mawe wa mfereji. Nilimkuta macho wazi, anavuta pumzi fupifupi, midomo imebadilika rangi. Tulimlaza kwenye mlango tuliouchomoa kwenye kibanda cha karibu, tukampandisha kwenye lori la majani mabichi, nami nikakaa juu ya chai nikishika mlango ule mpaka hospitali ya misheni. Sijawahi kuona barabara ndefu kama ile.

Mbavu nne zilikuwa zimevunjika na moja ilikuwa imetoboa pafu. Daktari alipokwisha kumtia mrija wa kutoa hewa kifuani, alitoka nje akiwa ameshika kizibao kilicholowa. Alikibana kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka vidole vikakutana.

"Hiki kilikuwa kinamkinga na nini?" aliniuliza.

Hakuuliza kwa ukali. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali. Nilikaa kwenye benchi pamoja na mama yake Atupele siku mbili, na mwanamke yule alinigawia ndizi zake za kuchemsha bila kujua mimi ni nani katika habari ile. Siku ya tatu binti yake aliomba maji. Mama akasema, "Ndaga, Kyala," akimshukuru Mungu, akanishika mkono. Nikautoa mkono wangu.

Kazini kukawa na mabishano. Wanyapara wengine walisema kizibao ndicho kilichomponza, kwamba kilikuwa kizito akashindwa kujikunja. Wengine wakasema bila kile angekufa palepale. Mimi nilisikiliza pande zote, na mpaka leo sijui. Mtu haanguki mara mbili anguko lilelile ili tupime. Meneja Mkuu alikata shauri upesi: vizibao vya sponji vichomwe, na wanyapara wapande kama zamani, kwa kofia tu. Kuhusu kuvichoma nilikubaliana naye. Kuhusu kupanda, nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu jambo nililokusudia. Akaniuliza kama shamba letu la migomba litatutosha. Nikamwambia sijui.

Asubuhi iliyofuata sikumtandika farasi hata mmoja wa wanyapara. Wanyapara walikuja, wakasimama, wakaona, wakaondoka kwa miguu. Meneja Mkuu alifika saa mbili, amevaa kizibao chake, tayari kwa mzunguko.

"Karani, kwa nini farasi wako ndani?"

Nilimwambia kwamba wa kwake yuko tayari nje, ukanda umekazwa mara mbili. Wale wengine sitawatandika mpaka wapandaji wapate kinga ya kweli, au nipewe amri ya maandishi kwamba hakuna farasi atakayezidi mwendo wa kutembea, na hata huo si bondeni.

"Unajua orodha nyingine inaandaliwa?" alisema.

"Najua, Bwana Meneja. Nakuuliza jambo moja tu. Wewe ungekwenda bondeni leo bila hicho ulichovaa?"

Alijitazama kifuani kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyemvika, akageuka, akarudi ofisini kwa miguu. Wiki tatu farasi walikula na kulala. Kila gari lililosimama getini nilidhani limeleta barua yangu. Nililala kidogo, nikakonda, na mkaguzi wa hesabu alipopita tu bandani kuchungulia, nilianza kukusanya vitu vyangu. Wiki ya nne lilikuja sanduku kubwa. Ndani mlikuwa na vizibao vitano vipya na kofia tano, za wanyapara watano waliobaki. Havikuletwa na neno lolote, wala Meneja hakulizungumzia jambo lile tena. Orodha ilitoka, jina langu halikuwamo. Jina la fundi wa pikipiki lilikuwamo, naye alikuwa na watoto saba. Sikuweza kufurahi.

Vile vizibao vipya vilivaliwa kwa manung'uniko. Walisema vinabana, vinachoma jua likitoka. Mwaka mmoja baadaye Gwakisa alitupwa juu ya kisiki, akavunjika mkono, lakini kifuani hakuwa na hata mchubuko. Wenzake wakasema kizibao kimemwokoa. Inawezekana. Mimi nilimwambia kila mpandaji jambo ambalo sikumwambia Atupele: kinasaidia mbavu na mgongo, hakisaidii shingo, hakisaidii miguu, na hakimfanyi farasi awe na adabu.

Mkiniuliza leo kama mpanda farasi avae kinga ya mwili, nitasema avae. Sajini alisema kweli kwamba kinga inampa mtu ujasiri usio wake, na nimeuona kwa macho yangu. Lakini hiyo ni sababu ya kumfundisha, si sababu ya kumwacha wazi. Kibaya kuliko kukosa kinga ni kuvaa kitu chenye sura ya kinga, na kibaya zaidi ni mkubwa wa kazi anayekisifia bila kukijua.

Farasi waliuzwa shamba lilipopata mwenyewe mwingine, na mimi nikarudishwa kwenye mizani ileile nilikoanzia, nikastaafu hapo. Atupele alikuwa amehamishiwa ofisini tangu alipopona. Hakupanda tena. Siku nilipoagwa alinisindikiza kwenye njia ya kupanda kwenda kwangu, naye kwenye mlima pumzi yake ilikuwa bado fupi. Nilimwambia nililokuwa nalo miaka yote: kwamba asubuhi ile nilimjibu kitu ambacho sikukijua.

"Nilijua hukijui, Karani," alisema. "Wala sikuwa nauliza habari za kizibao. Nilikuwa namwogopa Radi. Nilitaka uniambie nisipande."

Miaka yote ile nililichambua jibu langu, na swali lake sikulisikia hata mara moja. Tukaendelea kupanda, na kila aliposimama kuvuta pumzi, nilisimama naye.